Bustani ya mboga nyumbani kwa tunaokaa Pwani: nini ufanye mwezi gani

Hii ni kwa wale wa Dar, Kibaha, Bagamoyo, Tanga mjini, Unguja na maeneo yote ya ukanda huu wa joto na mchanga. Kama uko Mbeya, Iringa au Lushoto kalenda yako ni nyingine kabisa, kule baridi ya Juni na Julai inaweza kuunguza miche wakati huku ndo tunashangilia.

Nianze na jambo ambalo naona watu wengi wanalikosea. Mvua zikianza Machi kila mtu anakimbilia dukani kununua mbegu za nyanya, hoho na chainizi, anapanda, alafu Aprili mvua inapiga wiki nzima, nyanya zinaungua majani na baka, miche inaoza, anasema udongo wa Dar haufai. Udongo hauna shida kihivyo. Masika ni msimu wa mahindi na mpunga, kwa mboga za bustani msimu wetu mzuri ni kipupwe, Juni mpaka Septemba, usiku unashuka mpaka nyuzi 18 au 19, mvua kidogo, na wewe ndo unaamua maji yafike wapi na lini. Kwa hiyo kazi karibu zote za mwaka mimi nazipanga kwa kuangalia kipupwe.

Ndo maana naanza kuhesabu mwaka kuanzia Aprili mwishoni. Wakati nje kunanyesha na shamba halilimiki, wewe andaa kitalu barazani au chini ya paa, sehemu inayopata mwanga lakini mvua haiigusi. Trei za miche zinauzwa, ila hata kasha la mbao au ndoo iliyokatwa na kutobolewa chini inatosha. Changanya udongo wa juu, mboji iliyoiva na mchanga kidogo, mwaga maji, chora mistari ya kina cha sentimita 1, panda mbegu kwa nafasi usizimwage kama unalisha kuku, maana miche ikibanana na unyevu ukizidi inapata kinyausi, unaamka asubuhi unakuta imelala yote, shingo imekuwa nyembamba pale inapogusana na udongo. Mwagilia asubuhi, sio jioni. Nyanya, bilinganya, ngogwe na hoho zinakaa kitaluni wiki 4 hadi 6, kwa hiyo ukisia mwisho wa Aprili unahamishia Juni mwanzoni, mvua ikiwa inaishia. Wiki ya mwisho punguza maji na uizoeshe jua taratibu ili ikomae.

Kuhusu mbegu, nunua pakiti iliyofungwa yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na uangalie tarehe. Ukiwa na mbegu za zamani usizitupe wala usiziamini, chukua 10, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu siku kadhaa, zikiota chini ya 6 ujue utasia nyingi zaidi au utanunua mpya. Za vitunguu hazikai, baada ya mwaka mmoja nguvu imekwisha.

Mei mwishoni ndo unaweka samadi. Naomba hapa mnielewe vizuri kwasababu ni hela zenu. Udongo wetu ni mchanga, ukimwaga samadi Machi mvua ya masika inapita nayo chini kote huko, Juni unapanda kwenye udongo uliooshwa. Subiri mvua zipungue, inua matuta ya upana wa mita 1 ili ufike katikati bila kukanyaga, changanya ndoo 1 ya samadi iliyooza kwa kila mita moja ya tuta, acha wiki mbili. Mavi ya kuku mabichi yanaunguza mizizi, yakae kwanza kwenye rundo hata miezi miwili.

Na masika inatufanyia kitu kingine kizuri, inaosha chumvi. Wengi tunatumia maji ya kisima na visima vya Pwani vingi vina chumvi, mpaka Februari unaona ule unga mweupe juu ya tuta. Baada ya masika udongo unakuwa umesafishika, ndo wakati wa kupanda vitu vinavyochukia chumvi kama maharage, karoti, saladi na hoho. Spinachi na mchicha zinavumilia zaidi, hizo unaweza kuendelea nazo hata miezi ya mbele chumvi ikianza kurudi.

Juni hadi Agosti ni kupanda na kutunza tu. Nyanya nafasi sentimita 50 kati ya mche na mche na 60 mstari na mstari, simika mti mapema kabla haijaanguka, na zile za kurefuka toa machipukizi yanayotoka kwenye kwapa la jani. Chainizi, sukuma, spinachi, figili, zote panda kidogokidogo kila baada ya wiki mbili tatu, ukipanda tuta zima siku moja mtakula chainizi mpaka watoto wagome alafu mwezi unaofuata hamna kitu. Mchicha unavuna ndani ya wiki 3 au 4, mbegu zake ni ndogo mno changanya na mchanga mkavu ndo uzimwage zikae sawa.

Maji: tuta la mita 1 kwa 5 linataka kama ndoo moja ya lita 20 kwa siku kipindi hiki, kiangazi mbili. Mwaga chini kwenye shina, majani yakikesha yamelowa unakaribisha magonjwa. Na funika udongo kwa matandazo, nyasi kavu au majani makavu ya migomba, mchanga ukiwa wazi jua linanyonya yote kabla ya saa sita.

Wadudu sasa. Kwenye nyanya adui ni kanitangaze, anachora njia nyeupe ndani ya majani alafu anatoboa tunda. Kagua majani mara mbili kwa wiki, yenye michoro chuma uyafunge kwenye mfuko wa plastiki uuache juani, usiyatupe pale chini. Usiku weka taa juu ya beseni la maji ya sabuni, vipepeo wake watadumbukia. Kwa vidukari na wengine wanaofyonza au kula majani tumia mwarobaini: mbegu kavu nusu kilo, twanga, loweka usiku kucha kwenye lita 10 za maji, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo, pulizia jioni maana jua linaua nguvu yake. Uwe unarudia kila wiki, haiui palepale kama dawa za dukani ila unaweza kula mboga yako bila wasiwasi wa sumu.

Nyanya ikinyauka ghafla ikiwa bado kijani, usiongeze maji tu. Kata shina karibu na chini, lining'inize kwenye glasi ya maji safi, ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka huo ni mnyauko wa bakteria na hauna dawa. Ng'oa mmea na udongo wake, na hapo usipande tena nyanya, bilinganya, ngogwe, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa, wote hao ni ukoo mmoja. Panda mchicha, kunde, mahindi.

Septemba na Oktoba unavuna nyanya za mwisho, joto linarudi. Safisha mabaki, palilia, andaa vigingi vya maboga. Fuatilia utabiri wa vuli wa Mamlaka ya Hali ya Hewa maana vuli inabadilikabadilika kuliko masika, mwaka mwingine inajaa, mwaka mwingine inapita manyunyu tu. Mvua ikishika panda mboga zetu za asili: matembele, majani ya maboga, kunde, bamia, mlenda, mnavu. Hizi ndo zimezoea hali ya huku. Matembele kata marando ya sentimita 30, toa majani ya chini, fukia pingili tatu, mwagilia, ndani ya mwezi unachuma na yanaendelea miezi na miezi. Mimi naona kila nyumba yenye hata mita mbili za ardhi ingekuwa na matembele na mti wa kisamvu, mboga haikosekani hata hela ikikosekana. Bamia chuma kila siku mbili, ukiiacha inakuwa kamba na mmea unaacha kuzaa.

Januari na Februari usipambane na nyanya. Usiku unabaki kwenye nyuzi 25 au hapo karibu, maua yanatoka yanadondoka, mtu anaweka mbolea anaweka dawa bure, shida ni joto. Bakiza matembele, bamia na mchicha, zijengee kivuli cha makuti au neti upande wa jua la mchana. Tuta lililokuwa na nyanya ling'olewe, na kama mizizi ilikuwa na vinundu ujue kuna minyoo fundo, basi lilowanishe vizuri, tandika nailoni angavu, kingo zote zizikwe kwenye udongo, acha wiki 6. Jua la Februari likipita kwenye nailoni linapika minyoo na mbegu za magugu. Nailoni nyeusi haipandishi joto sawasawa, tafuta angavu.

Huohuo Januari anza rundo la mboji, majani makavu, maganda ya jikoni, samadi kidogo, maji. Geuza kila wiki mbili, Aprili inakuwa imeiva ya kitaluni.

Machi kabla ya mvua kubwa chimba mifereji, inua matuta hata sentimita 30, toa nailoni, panda kunde, maboga na bamia mapema ili mvua ikija zishakaza. Konokono watakuja kwa wingi, toka na tochi saa mbili usiku uwaokote, vaa glavu au mfuko mkononi na unawe vizuri baadae, watoto wasiwashike. Kiboksi cha mbegu za kipupwe kiwe tayari ndani kabla ya Pasaka, kikavu, mbali na jiko.