Chati ya ukutani ya uotaji wa mbegu: haragwe na hindi kwenye mstari mmoja

Mwalimu mwenzangu, kabla hujagusa marka peni, otesha mbegu kwanza. Chati nyingi zimenakiliwa kitabuni, na mtoto hukariri picha ambayo hajawahi kuiona ikitokea.

Hatua ya 1: Otesha. Loweka maharage na mahindi usiku kucha. Asubuhi chukua chupa angavu ya plastiki, ikate shingo, zungushia ndani tishu iliyolowa, kisha penyeza mbegu kati ya tishu na chupa zionekane kwa nje. Maji yawe kidogo chini tu. Mbegu ikizama hukosa hewa ikaoza. Kwenye joto, mzizi wa haragwe hutokeza baada ya siku 2 au 3. Wanafunzi wachore wanachokiona kila siku. Michoro yao ndiyo rasimu yako.

Hatua ya 2: Salfeti. Chati ichore kwenye salfeti, yaani gunia la plastiki lililofumwa. Fumua mshono, fua, kausha, geuza upande usio na maandishi. Karatasi ya manila ni nzuri kwa macho ila msimu mmoja wa mvua unaimaliza.

Hatua ya 3: Mstari wa udongo. Hapa usiwe na haraka. Piga mstari mmoja wa kahawia kutoka ukingo hadi ukingo, kisha chora haragwe upande wa kushoto na hindi upande wa kulia, hatua 4 kila moja: mbegu iliyovimba, mzizi kutoka, kutokeza juu ya udongo, mche wenye majani.

Haragwe hutokeza shina likiwa limepinda kama ndoano, likivuta kotiledoni zake 2 (zile nusu mbili nene za mbegu) hadi juu ya mstari. Ndoano hiyo usiiache, maana ndiyo inayokinga majani machanga yasichubuliwe na udongo. Punje ya hindi haivuki mstari hata mara moja. Hubaki chini, na kinachopanda ni ncha iliyofunikwa na ala, yaani kifuko chembamba cha kuikinga, ambayo baadaye hupasuliwa na jani la kwanza. Mtoto akifuata mstari kwa kidole ataiona tofauti kabla hujaitaja.

Rangi nazo: mizizi michanga ni myeupe, usiipake kahawia. Kotiledoni ziwe za maziwa chini ya udongo, kijani hafifu zikishatoka, na zilizonyauka kwenye mche wa mwisho.

Hatua ya 4: Majina. Usiyaandike kwenye chati. Yaandike kwenye vipande vya kadibodi, ushone vijifuko vya kuvichomeka: ganda, mzizi mchanga, shina, kotiledoni, ala. Kila kipindi vitoe, mwanafunzi avirudishe.

Hatua ya 5: Mahitaji. Pembeni chora maji, hewa na joto. Watauliza kuhusu jua. Weka chupa moja ndani ya kabati lililofungwa: maharage yataota vilevile, ila miche itarefuka ikiwa myembamba na ya njano. Kwa hiyo jua lichore juu ya mche wa mwisho tu, wenye majani.