Hofu ya kushindwa unapoanza kazi za kujitegemea: hatua ninazowapitisha wenzangu

Wengi wanaonijia wakitaka kuanza kazi za kujitegemea tayari wana ujuzi. Wanachora, wanatafsiri, wanatengeneza tovuti. Kinachowakwamisha ni ile meseji ya kwanza kwa mteja, ambayo wameiandika, wakaifuta, wakaiandika tena, na mpaka leo haijatumwa. Mimi ni mhariri wa kujitegemea, na ushauri wa "piga moyo konde" sijawahi kuona ukimtoa mtu hapo. Ninachoona kinasaidia ni kupunguza ukubwa wa kushindwa kwenyewe, hadi kuwe kitu unachoweza kukimudu na kesho ukaendelea na kazi.

Hatua ya 1: Andika hofu yako kama tukio

"Naogopa kushindwa" ni maneno mapana mno, huna pa kuyashikia. Chukua karatasi uandike kitakachotokea hasa. Kwa mfano: "Nitamkabidhi mteja kazi, ataikataa, hatanilipa, na watu watajua." Hapo kuna hofu tatu tofauti. Ya kazi kukataliwa inapungua mkikubaliana mapema idadi ya marekebisho. Ya kutolipwa inapungua ukidai sehemu ya malipo kabla ya kuanza na kukabidhi kazi kwa vipande. Ya aibu ndiyo ngumu zaidi, na kwa hiyo nawashauri watu waanze kimyakimya. Hakuna sheria inayokulazimisha kutangaza mitandaoni kwamba sasa umejiajiri.

Halafu geuza karatasi. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Gary Klein aliandika kuhusu zoezi analofanya na timu kabla mradi haujaanza: wanachukulia kwamba mradi umeshakufa, kisha kila mmoja anaandika umekufa kwa nini. Lifanye peke yako. Chukulia miezi sita imepita na hukufika popote. Sababu ni zipi? Nikiwapa watu zoezi hili, mara nyingi wanaandika mambo kama "niliwaandikia wateja wachache", "sikutenga muda", "nilikubali kila kazi iliyokuja". "Sina kipaji", ambayo ndiyo iliyokuwa ikiwanyima usingizi, ikitokea huwa chini kabisa ya orodha, na zile za juu yake zote zina dawa.

Hatua ya 2: Wekea hasara mpaka

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba hasara hutuuma kuliko faida ya kiasi kilekile inavyotufurahisha. Hasara isiyo na mpaka ndiyo inayotisha kuliko zote, kwa hiyo ipe mpaka: saa utakazotoa kwa wiki, fedha utakayotumia, na tarehe ya kukaa chini na kutathmini. Kama umeajiriwa, usiache kazi kwanza. Soma mkataba wako uone unasemaje kuhusu kazi za pembeni, kisha anza na saa zako za jioni.

Hatua ya 3: Chagua kazi ya kimo chako

John Atkinson, aliyechunguza mambo ya motisha, alionyesha mwaka 1957 kwamba mtu anayetawaliwa na hofu ya kushindwa huelekea kukimbilia kazi rahisi mno au ngumu mno. Kwenye rahisi hawezi kukosea. Kwenye ngumu hakuna atakayemlaumu akikosea. Naliona hili kila mara: mtu anaomba kazi ndogo kwa bei ya kutupa, au anaiandikia kampuni kubwa ambayo anajua moyoni haitamjibu. Tafuta kazi ya aina uliyowahi kuifanya, inayokwisha ndani ya siku chache, kwa mtu mwenye shida hiyo sasa hivi.

Na usishushe bei kwa sababu ya woga. Bei ya chini mno inakulazimisha kubeba kazi nyingi kwa pamoja, unachoka, ubora unashuka, mteja analalamika. Hofu yako imejitimiza, na chanzo kilikuwa bei.

Hatua ya 4: Tuma meseji kwa mafungu

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Hesabu meseji ulizotuma, usihesabu kazi ulizopata, maana kutuma kuko mikononi mwako na kujibiwa hakuko. Jipangie meseji 10 kwa wiki, kila moja ikiwa imeandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Yangu huwa na sura hii:

"Habari za kazi. Nimesoma ukurasa wa huduma kwenye tovuti yenu. Aya ya kwanza inataja bei kabla msomaji hajajua ananunua nini. Nimeipanga upya, iko hapa chini mwone tofauti. Mimi ni mhariri. Kurasa zilizobaki naweza kuzimaliza ndani ya wiki moja. Mkiwa tayari, nitawatumia bei."

Angalia kisichokuwemo: "samahani kwa usumbufu", "bado najifunza", "hata malipo kidogo sawa tu". Maneno hayo huandikwa na woga, na mteja huyasoma kama onyo. Vilevile usijipe uzoefu ambao huna. Ile aya iliyopangwa upya inajieleza yenyewe.

Jibu utakalolipata zaidi ni kimya. Mteja ana shughuli, bajeti imekwisha, au ana mtu wake tayari. Kumbusha mara moja baada ya wiki, kisha piga mstari jina hilo uende kwa linalofuata. Meseji za mwanzo zitakupasua moyo. Ukizidi kutuma, kimya cha mtu mmoja kinakosa nguvu ya kukuharibia siku.

Hatua ya 5: Mteja asiporidhika

Siku hiyo itafika, nami sitaki ikukute bila mpango. Usijibu ukiwa bado umepandwa na hasira au machozi. Soma tena, tenganisha ukali wa maneno na kasoro zinazotajwa, kisha uliza: "Naomba mnionyeshe sehemu ambazo hazijakaa sawa." Kama kosa ni lako, rekebisha bila kudai nyongeza. Kama mteja amebadilisha alichotaka, mrudishe kwenye makubaliano yenu ya maandishi, kwa upole, na umtajie bei ya nyongeza.

Hatua ya 6: Tuma ankara

Wapo wanaofanya kazi nzuri kisha wanakaa na ankara wiki nzima, wakiogopa mteja ataiona bei na kusema kazi haina thamani hiyo. Itume siku ileile unayokabidhi kazi, ikiwa na kiasi mlichokubaliana, tarehe ya mwisho ya kulipa na namna ya kulipa. Tarehe ikipita, andika mstari mmoja wa kukumbusha siku inayofuata.