Kabla ya kuvuka Mokowe na mtoto mgonjwa

Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, akipewa rufaa ya Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, wazazi wa Lamu hutengana. Mama huvuka na mtoto kwa mashua hadi Mokowe, upande wa bara, kisha hulala wodini Mombasa; baba hubaki kisiwani kutafuta riziki na kuangalia wengine. Zungumzeni mapema, siku ambayo mtoto hana homa wala maumivu.

La kwanza ni lawama. Mtoto wa SS, yaani mwenye selimundu, amerithi jeni yake kwa baba na kwa mama, kwa hivyo hakuna upande ulioleta ugonjwa. Mavyaa akisema, "Kwetu hakuna maradhi haya," ajibu mume, tena mkewe akisikia. Mke akiachwa ajitetee peke yake kwa wakwe, kinyongo hicho hakitoki upesi. Kisha kuna suala la mtoto mwingine. Nyote mkiwa AS, yaani kila mmoja amebeba jeni moja ya selimundu bila kuugua, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto wa SS. Mke anayeogopa kushika mimba huanza kumkwepa mumewe kitandani, naye mume hudhani hatakiwi tena. Nendeni kliniki ya uzazi wa mpango pamoja, msitumane.

Pesa: semeni wazi michango ya jamaa itaingia simu ya nani, na mwenzake aonyeshwe kila kilichoingia na kilichotoka. Hakikisheni mtoto ameandikwa kwenye SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Baba naye ajue dawa zote, kipimo na saa. Ajue kwamba joto likifika nyuzi 38.5 mtoto ni wa kupelekwa hospitali papo hapo, hata iwe usiku wa manane, na awe na namba ya nahodha atakayekubali kutoka saa hiyo. Baba akiyajua haya, mama anaweza kulala usingizi kamili akiwa nyumbani. Kwangu mimi, hakuna zawadi ya mume inayoshinda hiyo.

Wekeni wakati wa simu, tuseme baada ya isha. Habari za mtoto zitangulie, kisha, "Na wewe umekula nini leo?" Dakika chache za kuzungumza ninyi wawili, bila kutaja damu wala dripu. Aliyechoka aseme, "Leo nimechoka, mpenzi, tuzungumze kesho," na mwenzake asimhesabie kosa.