Namna ya Kuchagua Mwandaaji wa Mkutano Jijini Dar es Salaam

Kabla ya kuita kampuni yoyote, kamati ya maandalizi iandike hadidu za rejea zinazoeleza lengo la mkutano, idadi ya washiriki, lugha zitakazotumika na kiasi cha fedha kilichopo. Kiasi hicho kitajwe waziwazi. Wapo wanaokificha wakitumaini kupata bei nafuu, lakini huishia kupokea mapendekezo yasiyolinganika, huyu akipanga ukumbi wa Mlimani City, yule akipanga hoteli ya ufukweni, na kamati ikabaki haina kipimo cha kuwashindanisha. Taasisi za umma zitapitisha ununuzi huu katika NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa umma kwa njia ya mtandao; taasisi binafsi na vyama vya kitaaluma vikiomba mapendekezo kwa kampuni tatu au nne inatosha.

Hatua ya uchunguzi huanza na nyaraka za kawaida, yaani usajili wa BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni), namba ya mlipakodi na leseni ya biashara, ambazo hazihitaji muda mwingi. Kinachohitaji muda ni kazi ambazo mwandaaji amekwisha kufanya. Dar es Salaam haina uhaba wa waandaaji hodari wa harusi, na wengi wao hujitangaza pia kuwa waandaaji wa mikutano. Kupamba ukumbi na kulisha watu mia sita si kazi ndogo, ila mkutano unadai mambo ambayo harusi haiyajui: kupokea mihtasari ya mada, kusajili washiriki mtandaoni, kufuatilia viza za wageni na kufunga vibanda vya wakalimani. Kwa hiyo omba mawasiliano ya wateja wake waliofanya mikutano yenye ukubwa kama wako, kisha wapigie mwenyewe na uwaulize kama hesabu za mwisho zilikaribiana na bajeti ya mwanzo.

Katika usaili, muulize maswali ya mji huu. Anapendekeza nini kwa mkutano wa Aprili, wakati wa masika, au wa mwanzoni mwa Julai, wakati Maonesho ya Sabasaba yanaendelea? Atawafikishaje katikati ya jiji wageni wanaotua uwanja wa ndege wa Julius Nyerere jioni, wakati barabara zimefurika magari? Umeme ukikatika, nani anawasha jenereta, na mafuta yapo katika bei ya nani? Mwenye uzoefu hujibu kwa mpango. Asiye nao hujibu kwa kukutoa wasiwasi.

Jambo linalostahili mjadala mrefu kuliko yote ni malipo ya mwandaaji. Baadhi hudai asilimia ya bajeti nzima, utaratibu ambao sioni busara yake, kwa kuwa kila gharama inapopanda, naye hupata zaidi. Wengine husema huduma yao ni ya bure, kumbe hulipwa kamisheni na hoteli wanazozipendekeza. Kamisheni si kosa, ila mkataba umlazimu kuitaja na ueleze ni ya nani. Ada maalumu iliyokubaliwa mapema, ikitenganishwa na gharama za ukumbi, chakula na vifaa, ndiyo huacha hesabu safi. Hakikisha pia kama bei imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18, kwa sababu pendekezo la shilingi milioni 50 lisilo na kodi hiyo ni ankara ya milioni 59.

Mkataba wa ukumbi, uwe wa Kituo cha Mikutano cha Julius Nyerere au wa hoteli, utiwe saini na taasisi yenyewe, ili mkitofautiana na mwandaaji tarehe yenu ibaki mikononi mwenu. Vivyo hivyo, michango ya wadhamini na ada za washiriki ziingie katika akaunti ya taasisi, naye apewe ruhusa ya kuona tu. Orodha ya washiriki ni mali yenu, na mkataba umzuie kuitumia kwingine, kama inavyotakiwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Ada ya mwandaaji igawanywe kwa hatua za kazi, si kwa miezi. Sehemu ya mwisho, ambayo isipungue robo, izuiliwe hadi atakapowasilisha taarifa ya mkutano, hesabu za matumizi na risiti za EFD (mashine za kielektroniki za kodi) za watoa huduma wote.