Kabla ya Kununua Kisomaji cha Hereni, Tazama Kwanza Sikio la Ng'ombe

Tangu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ilipozinduliwa mwaka 2025, wafugaji wa Monduli, Longido, Arumeru na Hai wamekuwa wakiuliza ni kifaa gani cha kusomea hereni za kielektroniki kinachofaa kununuliwa. Mara nyingi anayeuliza huwa tayari ameonyeshwa kifaa fulani dukani na kutajiwa bei yake, lakini bado hajajua ni hereni ya aina gani iliyo masikioni mwa ng'ombe wake. Ninamsihi aanzie sikioni, kwa sababu kisomaji kisichoelewana na hereni hakina kazi yoyote zizini, hata kiwe kizuri namna gani.

Si kila hereni ina chipu. Huku kaskazini ng'ombe wengi wana hereni za plastiki walizovishwa walipochanjwa ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, nazo huheshimika sana mnadani kwa sababu mnunuzi akiziona hujua mnyama amekingwa. Hata hivyo, ile ni alama ya kusomwa kwa macho tu. Hereni ya kielektroniki kwa kawaida ina kitufe cha mviringo chenye chipu na waya uliozungushwa ndani yake, haina betri, na hupata nguvu kutoka kwa kisomaji chenyewe kinapoisogelea. Chipu hiyo hubeba namba ya tarakimu 15. Tarakimu tatu za mwanzo huonyesha nchi, na ya Tanzania ni 834. Zikiwa kati ya 900 na 998, hizo ni za mtengenezaji.

Viwango vya kimataifa vinavyotawala mambo haya ni ISO 11784, kinachohusu mpangilio wa namba, na ISO 11785, kinachohusu namna kisomaji na hereni vinavyowasiliana kwa masafa ya kilohezi 134.2. Ndani ya kiwango hicho cha pili mna aina mbili za hereni. Ile ya FDX-B hujibu papo hapo wakati kisomaji kingali kinatuma nguvu, ilhali ya HDX huhifadhi nguvu kidogo kwanza, kisha hujibu kisomaji kinaponyamaza, na ndiyo maana mara nyingi husomeka kwa mbali zaidi. Kisomaji cha kununua ni kile kinachosoma aina zote mbili, kwa kuwa ng'ombe utakayemnunua kesho kwenye mnada wa Meserani au Weruweru huenda akaja na hereni isiyofanana na za kwako. Vipo pia visomaji vya masafa ya juu, megahezi 860 hadi 960, vinavyosoma hereni kwa umbali wa mita kadhaa, lakini hivyo vina hereni zake na haviwezi kusoma hizi za kilohezi 134.2. Vilevile, muuzaji akikwambia kwamba simu yako pekee inatosha, usikubali: simu zinazosoma kadi kwa kugusa hutumia megahezi 13.56, kwa hiyo haziwezi kuisoma hereni hii bila kisomaji.

Kuhusu umbo, mwenye ng'ombe wanne wa maziwa bandani kule Machame anatosheka na kisomaji kidogo cha mkononi, kwa kuwa anaweza kumshika mnyama kichwa na kukisogeza hadi sentimita kumi hivi kutoka sikioni. Kusema kweli, huyo anaweza hata kuisoma kwa macho namba iliyochapwa kwenye hereni na kuiandika daftarini. Anayepitisha ng'ombe mia mbili kwenye kibanio, yaani ujia mwembamba wa kuwazuilia, anahitaji kisomaji cha fimbo, ambacho humwezesha kusoma akiwa nje ya mabomba bila kuingiza mkono mahali ambapo pembe inaweza kuuvunja.

Hapo kwenye kibanio ndipo matatizo mengi hujitokeza. Siku moja, katika boma moja wilayani Monduli, tulikuwa tukisoma hereni kwenye kibanio cha mabomba ya chuma, na kila baada ya ng'ombe wawili au watatu kisomaji kilikaa kimya. Tulianza kuamini kwamba hereni zimeharibika. Kijana aliyeshika fimbo alikuwa akiiegemeza kwenye bomba ili apumzishe mkono. Alipoiinua shibiri mbili juu ya chuma na kuielekeza kwenye uso wa kitufe badala ya ubavu wake, zile zile zilizokataa zikasomeka. Wachache waliobaki walisomeka baada ya kuzima jenereta iliyokuwa ikinguruma pembeni. Chuma hudhoofisha mawimbi haya, na mota au jenereta huyavuruga. Tope na mvua, kinyume na wanavyodhani wengi, haviyazuii, ingawa kifaa chenyewe lazima kiwe kimezibwa vizuri kisiingize maji wala vumbi. Kwa vumbi la Longido wakati wa kiangazi, ningetaka kiandikwe IP67, alama ya kifaa kisichoingiza vumbi wala maji.

Jambo la pili ambalo wanunuzi hulisahau ni safari ya namba baada ya kusomwa. Kisomaji kihifadhi kumbukumbu zake chenyewe pamoja na tarehe na saa, kwa sababu mtandao haupatikani kila boma, kisha kizihamishie kwenye simu kwa Bluetooth au kwenye kompyuta kwa waya. Unapozifungua kwenye Excel, weka kwanza safu ya namba katika muundo wa maandishi. Usipofanya hivyo, namba ya tarakimu 15 hugeuka kuwa kitu kama 8.34E+14, na ukihifadhi faili la CSV likiwa hivyo, tarakimu za mwisho hupotea na ng'ombe wote huonekana kuwa na namba moja. Nimeona kazi ya siku nzima ya josho ikipotea kwa njia hiyo, na ilibidi ng'ombe warudishwe kibanioni.

Betri iwe ya kudumu siku nzima ya kazi, iweze kuchajiwa kwenye gari au kwa sola, na iwe ya kubadilishwa bila kutupa kifaa kizima. Usikiache kisomaji juu ya dashibodi ya gari kwenye jua la mchana, kwani joto huua betri mapema.

Kwa vikundi vya wafugaji, kununua kimoja cha fimbo kwa pamoja na kukikabidhi kwa mtu mmoja anayejua kukitumia ni bora kuliko kila boma kuwa na kidogo chake. Kabla fedha haijatoka, ndugu mfugaji, mwombe muuzaji aje na kifaa hadi kwenye kibanio chako, mpitishe ng'ombe ishirini kwa mwendo wao wa kawaida, na mlinganishe namba zilizosomwa na zile zilizochapwa kwenye hereni. Akikataa kuja, nenda kwa mwingine.