Kadi za harusi kwa bajeti ndogo: anza na orodha, kisha bahasha, kadi iwe ya mwisho

Wateja wengi wanaofika kwetu Kariakoo kuchapisha kadi huanza kwa kunionyesha picha kwenye simu. Kadi ya dhahabu, imetobolewa maua pembeni, ina utepe. "Hii shilingi ngapi?" Sina jibu la swali hilo likiulizwa hivyo, maana gharama ya kadi haikai kwenye urembo peke yake. Inakaa kwenye idadi, kwenye saizi, na kwenye mara ngapi kazi itarudiwa. Ukizidhibiti hizo tatu, kadi ya kawaida kabisa itapendeza na mweka hazina wa kamati ya harusi hatakununia. Utaratibu ninaowapa wateja wangu ndio huu.

Hatua ya 1: Tenganisha kadi ya mchango na kadi ya mwaliko

Harusi nyingi za hapa Dar es Salaam zina kadi mbili. Ya mchango hutangulia miezi kadhaa ikitafuta fedha. Ya mwaliko hufuata, ikienda kwa waliochanga. Kinachokula hela ni kuzipa zote mbili hadhi moja. Kadi ya mchango haitunzwi na mtu. Ikishasomwa namba ya simu, kazi yake imekwisha. Itengeneze iwe picha ya kutuma kwa WhatsApp, kisha chapisha chache tu kwa ajili ya wazee, maofisini, na wale ambao ukiwatumia kwenye simu wataona umewadharau. Hizo chache zikiwa na maandishi meusi kwenye manila ya rangi zinatosha. Manila ipo steshenari yoyote.

Mambo ya lazima ni majina ya maharusi na familia, tarehe, namba ya kupokelea mchango, na jina lililosajiliwa kwenye laini hiyo, liandikwe vilevile lilivyosajiliwa. Mtu anapotuma kwa M-Pesa au Airtel Money huletewa jina la mpokeaji kabla hajathibitisha. Akikuta jina asilolijua anasita, na mchango uliositiwa leo unahamia mwisho wa mwezi. Weka pia siku ya mwisho ya kuchanga, kama mwezi mmoja kabla ya harusi. Hatua zote zinazofuata zinaitegemea siku hiyo.

Na kama harusi ni ya Pwani, ambako bado kuna familia zinazoalika kwa kupiga hodi nyumba kwa nyumba, punguza kadi kwa idadi hiyohiyo. Shangazi aliyefuatwa nyumbani kwake hahitaji karatasi.

Hatua ya 2: Hesabu kadi, usihesabu watu

Kamati ikisema "ukumbi ni wa watu 250", mtu anakuja kuagiza kadi 250, na mwoga anaagiza 300. Ngoja kwanza. Chukua orodha ya mweka hazina, gawa dabo (kadi ya watu wawili) na singo (ya mtu mmoja). Tuseme umepata dabo 90 na singo 70. Dabo 90 ni watu 180, ukiongeza singo 70 unapata watu 250 wako. Lakini kadi ni 160 tu. Ongeza asilimia 10 kwa zitakazoharibika, zitakazopotea na wachangaji wa dakika za mwisho: 176.

Jambo linalosumbua ni kwamba dabo na singo hubadilika hadi wiki ya harusi. Aliyetoa nusu anamalizia na kuwa dabo. Aliyeahidi dabo anaishia singo. Ukichapisha mafungu mawili, lazima moja lipungue na jingine libaki, na kurudi kuchapisha kadi 12 zilizopungua kunauma kuliko bei ya kadi yenyewe. Ninavyoshauri ni kuchapisha kadi zote za namna moja, ukaacha nafasi ndogo kwenye kona ya chini. Chonga mihuri miwili midogo, S na D, igongwe pale jina linapoandikwa.

Mlangoni je? Siku hizi kuna huduma za kadi za simu zenye msimbo wa QR unaosomwa kwa simu ukumbini, na kwa kamati yenye wageni wengi wa mijini zinafaa sana, kwa kuwa kadi moja ikisambazwa kwa watu watatu, anayefika wa kwanza ndiye anayeingia. Ila hulipiwa kwa kila mgeni. Kwa kadi za karatasi, mwambie mchapaji azipige namba mfululizo kwa mashine ileile inayopiga namba kwenye vitabu vya risiti, 001 hadi 176. Namba iandikwe pembeni ya jina kwenye orodha. Mlinzi wa mlangoni akiwa na orodha na kalamu, aliyerudufu kadi anagota palepale.

Hatua ya 3: Nunua bahasha kabla ya kubuni kadi

Hii watu hunishangaa nikiwaambia. Wanabuni kadi, wanaipenda, ndipo wanatafuta bahasha na kukuta hakuna saizi hiyo. Wanalazimika kutengenezewa kwa mkono, na bahasha ya kutengenezwa inaweza kuipita kadi kwa bei. Bahasha za dukani zina vipimo vyake: C6 ni milimita 114 kwa 162 na inapokea kadi ya A6, C5 ni 162 kwa 229 na inapokea A5, ile ndefu iitwayo DL ni 110 kwa 220. Nunua pakiti zako, rudi nazo, kadi ifuate bahasha.

Hatua ya 4: Chagua saizi kwa kuangalia karatasi ya mashine

Karatasi kubwa inayoingia kwenye mashine nyingi za kidijitali huitwa SRA3, milimita 320 kwa 450. Unalipia karatasi hiyo, hulipii kadi. Kwa hiyo swali la maana ni zitatoka kadi ngapi ndani yake.

Kadi ya A6 ni 105 kwa 148. Ukiiongezea milimita 3 kila upande za kukatia, inakuwa 111 kwa 154. Panga nne kwa urefu na mbili kwa upana: zinatoka 8. Sasa chukua saizi wanayoipenda maharusi waliotazama mitandao ya nje, inchi 5 kwa 7. Hiyo ni milimita 127 kwa 178, na pamoja na sehemu ya kukatia, ukizipanga zote upande mmoja, zinatoka 4 tu. Karatasi iliyobaki inaishia kwenye gunia la vipande chini ya mashine, nawe umeshailipia. Cha kuchekesha, A5 ambayo ni kubwa zaidi nayo inatoa 4.

Kadi zako 176 kwa A6 ni karatasi 22 kamili. Kwa inchi 5 kwa 7 ni karatasi 44. Ukichukua shilingi 2,000 kwa karatasi, kama mfano wa hesabu tu, ni 44,000 dhidi ya 88,000, na bahasha bado hujagusa.

Hatua ya 5: Karatasi na rangi

Karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba inatosha. Chini ya 250 kadi inalegea mkononi; juu ya 300 unalipia uzito ambao mgeni hataujua. Usichukue ya kung'aa kama jina litaandikwa kwa mkono. Wino wa kalamu unakaa juu bila kuingia, na kidole gumba cha mpeleka kadi kikipita, "Bw. na Bi." inabaki moshi. Chukua isiyong'aa.

Kadi iwe bapa, isiyokunjwa. Ya kukunjwa inakula karatasi mara mbili, na kama ina rangi nzito, wino hupasuka kwenye mkunjo na kuacha mstari mweupe, labda kama karatasi ilipigwa alama ya mkunjo kwanza, ambayo nayo ni gharama.

Kuhusu dhahabu: ile inayometa kwenye simu, ikichapwa kwa mashine ya kawaida inatoka rangi ya haradali. Dhahabu ya kweli ni ya kugandishwa kwa moto, na inataka kibao chake cha kugandishia kichongwe kwa umbo la maandishi yako. Bei ya kibao ni ileile iwe kadi 50 au 500, kwa hiyo kwa kadi chache inauma. Mimi huwashauri watu waweke rangi moja iliyokolea, damu ya mzee au kijani cha giza, kisha wanunue stika ya dhahabu ya kufungia bahasha. Mgeni anaiona dhahabu kabla hata hajaifungua kadi. Picha ya maharusi kwenye kadi siipendi, lakini hilo ni langu. Kwenye kadi ya simu ikae tu, haina gharama.

Hatua ya 6: Maneno

Anza na familia: "Familia ya Mzee fulani wa Moshi wanayo furaha kukualika wewe" halafu mstari wa nukta wenye urefu wa kutosha. Urefu wa kutosha maana yake ni kwamba "Mhe. Dkt. na Bi." na majina matatu yanaenea. Kisha sherehe ya nani na nani, ndoa itafungwa wapi na saa ngapi, tafrija ukumbi gani na saa ngapi, na namba mbili za majibu. Basi. Mashairi ya mapenzi yaachie kadi ya simu.

Angalia saa. Wabunifu wengi hutumia kadi ya mfano ya Kiingereza na kubadilisha maneno bila kugusa namba, na unakuta "saa 6:30 jioni". Kama kadi ni ya Kiswahili, iandikwe saa 12:30 jioni. Siku na tarehe zikubaliane: 12 Desemba 2026 ni Jumamosi, kalenda ithibitishe.

Hatua ya 7: Prufu, kisha malipo

Mpelekee mchapaji faili la PDF, na ukilituma kwa WhatsApp litume kama faili, usilitume kama picha, maana picha hubanwa na herufi hutoka zimefifia. Maandishi yakae angalau milimita 5 kutoka ukingoni, kisu cha kukatia kisiyale.

Dai prufu ya karatasi, yaani nakala moja ya majaribio, kwenye karatasi ileile itakayotumika. Isomwe na mama wa upande mmoja, mama wa upande wa pili, na mtu asiyewajua maharusi kabisa. Akina mama watakamata majina ya ukoo. Mgeni atakamata herufi zilizorukwa. Namba za simu zipigwe moja moja kutoka kwenye hiyo prufu, mpaka mwenyewe apokee. Baada ya hapo andika "sawa", weka sahihi na tarehe. Kosa lililomo kwenye prufu likigunduliwa baada ya sahihi ni lako, likigunduliwa kabla yake mchapaji analirekebisha.

Kama harusi ni ya Desemba, kazi ifike kwa mchapaji mapema kuliko unavyodhani. Mwisho wa mwaka mashine zimejaa kalenda na shajara za makampuni, na kazi ya haraka hupandishwa bei.

Hatua ya 8: Vikaratasi vingine, na ugawaji

Ratiba ya ibada ni maandishi meusi kwenye A4 iliyokunjwa. Ipelekwe kwenye mashine ya kudurufu, nusu ya idadi ya watu, kwani wanandoa husoma moja. Majina ya meza yanaandikwa kwenye vipande vya karatasi ngumu. Shukrani zitumwe kwa simu.

Kadi zianze kutembea wiki mbili kabla. Mgawie kila mwanakamati fungu la watu anaowajua, asaini namba alizochukua. Za mikoani funga pamoja, zipelekwe kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi, zipokelewe na ndugu mmoja anayezigawa huko. Zile 16 za ziada zikae kwa mweka hazina pamoja na mihuri. Atakayemalizia ahadi yake Ijumaa usiku ataandikiwa jina, atagongewa S au D, na namba yake itaingia kwenye orodha kabla haijakabidhiwa mlangoni Jumamosi.