Somo: Kuchagua priampu ya gitaa la akustika kwa shoo ndogo

Habari zenu, wapiga gitaa. Gitaa linaimba vizuri chumbani, likichomekwa kwenye mixa sauti inakuwa nyembamba kama ya kopo, na lawama zote zinaliangukia gitaa. Mimi naanza kuangalia kilichopo kati ya pikapu (kifaa kinachonasa sauti ya nyuzi) na mixa: priampu, yaani kikuza sauti kidogo kinachoandaa sauti ya gitaa kabla haijafika kwenye mixa.

Hatua ya 1: Ijue pikapu yako. Ukikuta vitufe ubavuni na sehemu ya betri, priampu unayo tayari. Usinunue nyingine, huenda unahitaji kisanduku cha DI tu, kinachoiandaa sauti isafiri kwenye waya mrefu hadi kwenye mixa. Ikiwa ni piezo tupu (pikapu inayogeuza mtetemo kuwa umeme, bila priampu), iliyolazwa chini ya mfupa unaobeba nyuzi darajani, endelea.

Hatua ya 2: Soma impidansi ya ingizo, yaani ukinzani wa umeme pale unapochomeka waya, unaopimwa kwa omu. Hapa msiruke, tafadhali. Piezo ina tabia ya kapasita: haiwezi kusukuma umeme mwingi. Ukiichomeka kwenye ingizo la laini, ambalo kwa kawaida ni kiloomu 10 hivi, besi inamezwa kabla haijafika kwenye spika. Uzi mnene wa E, wenye 82 Hz, ndio unaoumia zaidi. Tafuta priampu ya megaomu 1 au zaidi. Zipo za megaomu 10, kama LR Baggs Para Acoustic DI, na piezo huzipenda sana.

Hatua ya 3: Ikwalaiza (virekebisha sauti) ya sauti za kati. Besi na treble pekee hazitoshi. Ule mkwaruzo wa piezo unapochapa nyuzi kwa nguvu hukaa katikati, mara nyingi karibu na 1 hadi 2 kHz. Chagua priampu inayokuruhusu kuhamisha masafa ya kati, kisha punguza kidogo hapo. Kuongeza treble ili sauti "ing'ae" huzidisha mkwaruzo.

Hatua ya 4: Kinga dhidi ya mvumo, yaani sauti ya spika kurudi kwenye gitaa na kujizungusha. Kwenye ukumbi mdogo spika iko karibu na wewe, na kasha la gitaa hupenda kuvuma karibu na 100 Hz. Kitufe cha kugeuza fezi (mwelekeo wa wimbi la sauti) na kichujio chembamba cha kukata noti moja vitakuokoa. Bonyeza fezi kwanza, maana haikupunguzii kitu kwenye besi.

Hatua ya 5: Tafuta tundu la XLR (la pini tatu), ili waya mrefu hadi kwenye mixa usiokote kelele.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, waya wa kutoka kwenye gitaa hadi priampu uwe na urefu gani?
Jibu: Mfupi, ndugu yangu. Mita 3 zinatosha. Kwa piezo tupu, kila mita inayoongezeka inapunguza nguvu ya sauti.

Swali: Pikapu yangu ni ya sumaku, inakaa kwenye tundu la gitaa. Nayo inataka megaomu 10?
Jibu: Hapana, megaomu 1 inaitosha kabisa. Pesa yako iweke kwenye ikwalaiza nzuri.

Swali: Betri iliniishia katikati ya wimbo. Nifanyeje?
Jibu: Pole sana. Chagua priampu inayopokea pia volti 48 kutoka kwenye mixa, na uchomoe waya wa gitaa ukimaliza kupiga. Kwa priampu nyingi, jeki ikiwa ndani betri inaendelea kuliwa.